Mke Juu ya Paa Msimu wa Nungunungu

Enyi majirani zangu wa Corliss, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali, kaeni nami kidogo. Nina habari ya nyumba moja, na nyumba hiyo imepakana na yangu kwa uzio wa mbao ambao mbwa yeyote mwenye nia anauruka. Mengi niliyaona kwa macho yangu. Mengine nilisimuliwa na Lorena mwenyewe, jikoni kwangu, huku akilia na kucheka kwa pamoja. Ameniruhusu niyaseme. Mumewe naye ameniruhusu, ingawa yeye alihitaji kubembelezwa.

Mambo yalianza Jumamosi moja ya Septemba. Mahindi yalikuwa yamekaukia mashambani, upepo umetulia, na mtaa mzima ulinukia mikate ya mdalasini, kwa kuwa hapa Nebraska hakuna mtu mwenye akili timamu anayekula maharage ya nyama bila mkate wa mdalasini pembeni. Lorena Hruby alikuwa nje ya nyumba yake, juu ya ngazi, akizoa majani yaliyoziba mfereji wa paa na kuimba wimbo wa kanisani. Mama yake, Bibi Opal, mzee aliyekwishapita miaka themanini lakini ulimi wake bado una ishirini, alikuwa kibarazani akimenya matufaha. Mimi nilikuwa naanika mashuka. Nikajisemea moyoni, Ardith, hii ndiyo amani yenyewe.

Ndipo Delmar, mume wa Lorena, alipopiga ukelele sebuleni kama mtu aliyekalia jiko la moto.

"Wamevuka! Wamevuka mstari! Lorena, njoo uone!"

Walioupita mstari walikuwa Nungunungu, timu ya chuo chetu. Mpira wetu huu, kama hujauona, una umbo la yai, na anayeubeba hukimbizwa kama mwizi wa kuku mpaka aangushwe au auvushe mstari wa mwisho. Nungunungu walikuwa hodari sana wa kuangushwa. Kwa miaka mingi timu hiyo ilifungwa kwa bidii, bila kukosa siku, hata wapinzani walikuwa wakituonea haya. Kwa hiyo ule ukelele wa Delmar ulikuwa na haki yake.

Lorena akashuka mbio kwenda kuona. Hajakaa hata kitini, mchezaji wetu akaangusha mpira, na wapinzani wakaondoka nao.

Delmar akamgeukia mkewe, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Ulikuwa wapi tulipovuka?"

"Kwenye ngazi, mume wangu. Wapi tena?"

"Rudi."

"Nirudi wapi?"

"Juu. Rudi juu, mke wangu, nakuomba. Panda uimbe ulivyokuwa unaimba."

Lorena alicheka mpaka akashika mbavu. Akapanda, akaimba. Kabla ubeti haujaisha, Nungunungu wakavuka tena. Siku ile wakashinda, na mji wa Corliss ukapiga honi mpaka ng'ombe wakakataa kukamuliwa.

Msomaji, usicheke sana. Maji ya mafuriko nayo huanza kwa tone.

Jumamosi iliyofuata, timu ilipoingia uwanjani, ngazi ilikuwa imekwisha kusimamishwa. Delmar aliisimamisha mwenyewe, mtu ambaye mkewe alimwomba miezi mingi amtengenezee mlango wa kabati la jikoni na hakuwahi hata kuinua nyundo. Lorena alipanda. Nungunungu wakashinda. Wakashinda na iliyofuata. Na kila ushindi ulileta mwiko wake ndani ya nyumba ile. Shati alilovaa Delmar siku ya kwanza halikufuliwa tena, na kufikia Oktoba liliweza kusimama lenyewe. Mbwa wao, ambaye siku ya kwanza alikuwa amezurura kwangu, alihamishiwa kwangu kila Jumamosi, atake asitake, nitake nisitake. Bibi Opal, kwa kuwa alipiga chafya kabla ya ule mvuko wa kwanza, alitakiwa apige chafya.

"Delmar," alisema Bibi Opal, "chafya haiamrishwi. Si mbwa."

"Jaribu tu, mama. Nimekuletea pilipili manga."

"Pilipili manga yako ipake kwenye hilo shati. Labda litapiga chafya lenyewe."

Mnaweza kuuliza kwa nini Lorena alikubali. Nami nilimuuliza, tukiwa tumesimama kila mmoja upande wake wa uzio. Alifuta mikono kwenye aproni.

"Bi Ardith," akasema, "kwa miaka yote hii Delmar akirudi kazini anasema 'chakula kipo?' na akienda kulala anasema 'zima taa.' Sasa Jumamosi ikifika ananishika mkono hadi kwenye ngazi. Ananiambia, 'Bila wewe hatuwezi.' Najua ni upuuzi. Lakini ni mimi anayeniambia."

Nilikwenda nikamletea soksi nzito.

Na mji nao, badala ya kumwonya Delmar, ukamtilia kuni. Habari zilipoenea, wanaume wa duka la vipuri walimpelekea Lorena mto wa kukalia. Muuza nyama akamletea kofia ya manyoya. Dirishani kwenye saluni yetu kukabandikwa kibao: PANDA, LORENA! Hata mchungaji, mtu ambaye aliwahi kuhubiri mwezi mzima juu ya ubaya wa kupiga ramli, alimshika mkono mlangoni mwa kanisa na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Dada Lorena, kifua chako kizima? Jumamosi utaweza?" Akamruhusu asije mazoezi ya kwaya ili sauti isichoke.

Nyumba ile ilikuwa na mtu wa nne, na yeye ndiye moyo wa habari hii. Twyla, binti yao wa pekee, alikuwa mwaka wa mwisho pale chuoni. Alipiga tarumbeta katika bendi inayocheza uwanjani wakati wa mapumziko, na si tarumbeta ndogo, bali lile kubwa kupita yote, linalomzunguka mpigaji kama chatu aliyeshiba. Alilibeba kwa miaka yote ya masomo yake, kwenye jua na theluji. Baba yake hakuwahi kumwona hata mara moja.

Sababu ni kwamba Delmar alikwenda uwanjani mara moja tu, Twyla alipokuwa mwaka wa kwanza. Mvua ilinyesha, Nungunungu wakafungwa kipigo cha kuhurumiwa, na mchezaji mmoja alikimbia na mpira upande usio wake. Delmar akaondoka kabla ya mapumziko, akaapa kwamba yeye ndiye nuksi na hatatia tena mguu pale. Uwanja upo karibu kiasi kwamba upepo ukivuma vizuri, ngoma za bendi zinatikisa vikombe kabatini kwake.

Basi Nungunungu waliendelea kushinda hadi ikabaki mechi ya mwisho ya msimu, nyumbani, dhidi ya Mabeberu wa Harney, watani wetu wa jadi. Atakayeshinda ndiye bingwa. Siku chache kabla ya mechi, Twyla alikuja nyumbani kula chakula cha jioni. Alikuwa na furaha iliyoshindwa kukaa kitini.

"Baba, kiongozi wa bendi amenipa nafasi. Wakati wa mapumziko wenzangu wote watanyamaza, nitapiga peke yangu katikati ya uwanja."

"Hongera, mwanangu," Delmar alisema. "Nitakusikia kwa hapa."

"Usinisikie kwa hapa. Njoo. Ni mara ya mwisho. Mwakani nitakuwa nimemaliza."

"Twyla, unataka tufungwe?"

"Nataka unione."

"Nikija tutafungwa, na mji mzima utanichukia, na wewe mwenyewe hutafurahi."

"Baba, uwanja unajaa watu maelfu. Kwa nini nuksi iwe yako peke yako? Umeinunua?"

Bibi Opal akapiga meza kwa kijiko. "Mjibu mtoto."

Delmar akainama juu ya bakuli lake la maharage. Twyla akamgeukia mama yake. "Basi wewe, mama. Njoo wewe."

Lorena alifungua kinywa, na mumewe akamtangulia. "Mama yako ana kazi yake siku hiyo. Ni mara moja tu iliyobaki, Lorena. Halafu ngazi naichoma moto, nakuapia."

Lorena alimtazama binti yake, akamtazama mumewe, kisha akaangalia chini. Twyla alivaa koti lake bila kumaliza kula. Mlangoni alisema neno moja tu: "Sawa." Ninyi wazazi mnaijua "sawa" ya aina ile. Ni bora mtoto atukane.

Jumamosi ilifika na theluji. Haikuwa nyingi, ila ilikuwa ya upepo, ile inayopita mlalo na kutafuta shingo ya mtu. Mimi nilikuwa dirishani. Nilimwona Lorena akipanda amevaa makoti mawili na kofia ya muuza nyama, na nilifungua dirisha nikamwita, "Shoga, shuka! Hata mbwa wenu leo amekataa kutoka!" Alinipungia mkono tu. Ngazi ilikuwa ikichezacheza kwa upepo, kwa hiyo akaona heri akae juu ya paa lenyewe, nyuma ya bomba la moshi, apate kajoto. Alipoinua mguu wa mwisho, ngazi ikateleza, ikaanguka kwenye theluji.

Ndani ya nyumba, Nungunungu walikuwa wakielekea mstarini.

"Delmaaar!" Lorena aliita. "Ngazi imeanguka!"

Bibi Opal alikuwa kwenye kiti chake karibu na runinga, na haya ndiyo yaliyosemwa, kama alivyonisimulia mwenyewe kwa hasira isiyokwisha mpaka leo.

"Delmar, mwanangu anaita."

"Anashangilia, mama."

"Hiyo si sauti ya kushangilia. Hiyo ni sauti ya mtu anayeganda."

"Subiri kidogo, wamebakiza hatua chache tu. Akishuka sasa hivi tumekwisha."

"Na asiposhuka yeye ndiye aliyekwisha!"

Delmar alifungua dirisha, akatoa kichwa nje, lakini macho yakabaki ndani kwenye runinga.

"Lorena! Uko salama?"

"Ngazi imeanguka! Nisimamishie ngazi nishuke!"

"Nakuja! Robo hii ya mchezo ikiisha tu!"

"Robo ipi? Delmar, vidole sivisikii!"

"Imba, mke wangu! Kuimba kunaleta joto!"

Na akafunga dirisha. Ndugu zangu, alifunga dirisha. Nungunungu wakavuka mstari, na Delmar akaruka juu mpaka picha za ukutani zikapinda.

Hapo ndipo Lorena alipochoka. Kuna wanawake wanaochoka kidogokidogo kwa miaka, halafu siku moja deni lote linajilipa kwa mkupuo. Alitambaa juu ya theluji hadi kwenye antena ya runinga iliyofungwa pembeni mwa bomba la moshi, akaikumbatia kama anayemkaba mwizi, akaitikisa. Sebuleni picha ikawa chenga tupu.

Delmar alitoka nje mbio akiwa na soksi tu miguuni.

"Lorena! Antena! Achia antena!"

"Ngazi!"

"Mke wangu, Mabeberu wana mpira! Sioni kitu!"

"Mimi naona vizuri sana kwa hapa juu. Namwona mwanamume mzima amevaa shati linalonuka, anambembeleza mkewe amwachie chuma. Ngazi au antena, chagua!"

Msomaji, ningependa kukwambia kwamba alichagua papo hapo. Hapana. Alisimama kwenye theluji akitazama juu, akatazama mlangoni, akatazama tena juu. Alifikiri. Na Lorena alimwona akifikiri. Akaing'oa antena na kuitupa chini, ikajikita kwenye theluji karibu na miguu ya mumewe.

Sasa runinga imekufa, Delmar akakumbuka kwamba ana mke. Akainua ngazi, akaiegemeza popote, akaanza kupanda na soksi zilizolowa. Alifika juu, akashika mfereji wa paa, na mfereji, ambao ulikuwa haujafungwa misumari tangu enzi za babu yake, ukamfuata. Walishuka pamoja, yeye na mfereji na ngazi, na kifundo cha mguu wake kikalia kama kuni kavu.

Mimi nilikuwa tayari kwenye simu. Wazimamoto wetu ni watu wa kujitolea, na siku za mechi wote huwa uwanjani. Walikuja na gari kubwa jekundu, kingora kikilia, na mkuu wao, Rasmus, mtu mwenye mwili wa ghala, aliruka chini akiwa bado ameshika kikombe cha kakao.

"Nani anaungua?"

"Hakuna anayeungua," Bibi Opal alimjibu kutoka kibarazani. "Mmoja ameganda juu, mmoja amevunjika chini. Anza na wa juu. Huyu wa chini anaweza kusubiri robo iishe."

Walimshusha Lorena. Midomo ilikuwa ya zambarau na hakuweza kukunja vidole. Delmar walimlaza kwenye machela. Barabara ya kwenda hospitali ya wilaya ilikuwa imeziba theluji, gari la kuisafisha lilikuwa bado halijapita, na daktari pekee wa mji alikuwa uwanjani, kwenye chumba cha huduma ya kwanza chini ya majukwaa. Rasmus akasema, "Twendeni uwanjani." Nami nikapanda nao garini.

Delmar, ambaye mpaka hapo alikuwa akiugulia mguu, alikaa kitako. "Popote, Rasmus! Nipeleke kwa daktari wa ng'ombe! Uwanjani hapana!"

"Lala chini, mzee."

"Basi nifunikeni uso! Wasinione!"

Wakamfunika blanketi usoni, na ndivyo alivyoingizwa uwanja wa Corliss, mbele ya maelfu ya watu, amefunikwa kama maiti. Upande mmoja wa majukwaa ulivua kofia kwa heshima. Kisha upepo ukafunua blanketi, na mtu mmoja akapaza sauti, "Ni Delmar! Delmar nuksi! Na Lorena yuko chini! Nani yuko paani?"

Ilikuwa aibu, wenzangu. Watu ninaowajua, watu ninaowauzia mikate, walianza kupiga kelele kwamba machela itolewe nje ya uwanja. Muuza nyama alishuka kabisa ngazi za jukwaa, akashika mguu mmoja wa machela. Ndipo Lorena, aliyekuwa amevikwa blanketi na anaongozwa na Rasmus, alipojitoa mikononi mwa wale wazimamoto. Sijawahi kumsikia akipaza sauti hivyo, na ameimba kwaya maisha yake yote.

"Atakayegusa machela hiyo, atapanda paani yeye! Mlinipa mto. Mlinipa kofia. Kuna hata mmoja wenu aliyenipa nafasi ya kushuka? Niacheni nipite, nimekuja kumsikiliza mwanangu!"

Muuza nyama aliachia machela na kuanza kutazama viatu vyake. Watu wakapisha, tukaingia chumba cha daktari.

Na hapo hapo ngoma za bendi zikanyamaza, kwa kuwa mapumziko yalikuwa yamefika na zamu ya Twyla imewadia. Daktari alitaka mlango ufungwe kwa ajili ya baridi, lakini Delmar alisema, "Uache." Kupitia mlango ule wa chini ya majukwaa, akiwa amelala chali na kichwa amekiinua, alimwona binti yake akitoka peke yake hadi katikati ya uwanja, theluji imemkalia mabegani, lile dude la shaba linang'aa limemzunguka. Akavuta pumzi. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na tamu, ikatambaa ardhini kabla ya kupanda kifuani mwa mtu. Alipiga wimbo wa kanisani, ule ule ambao mama yake alikuwa akiimba kwa msimu mzima pasipo mtu wa kuusikiliza wimbo wenyewe. Lorena alikaa kwenye benchi, vidole vyake ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, machozi yanamtoka. Delmar alimvuta daktari mkono.

"Ni mwanetu yule," alimwambia daktari. "Umemwona? Ni mwanetu."

"Nimemwona kila wiki kwa miaka minne," daktari alimjibu. "Tulia nikufunge."

Twyla alipomaliza, mtu alimweleza yaliyotokea. Alikuja mbio bila kuvua tarumbeta, akakwama mlangoni nalo, akasimama pale pale nusu ndani nusu nje. "Mama! Baba! Mmekuja?"

"Tumekuja, mwanangu," Delmar alisema. "Nimechelewa. Nimechelewa sana."

Nungunungu walifungwa. Walikuwa mbele, kisha Mabeberu wakawapita kwa pointi moja, na teke la mwisho, ambalo lingetupa ubingwa, lilipita kando ya nguzo za goli. Delmar hakuuliza matokeo siku ile. Alikuwa na jambo jingine la kuuliza, kwa sababu kufikia jioni Lorena alikuwa anahema kwa shida, na barabara iliposafishwa alipelekwa hospitali na homa ya mapafu.

Alilala huko hadi kila mtu mtaani akaogopa. Delmar alikaa pembeni ya kitanda kwa magongo yake. Lorena hakutaka aseme neno. Lorena aliporuhusiwa kutoka, hakurudi kwake. Alikuja kwangu yeye na mama yake, na Bibi Opal alimwambia mkwewe mlangoni, "Ukitaka kumwona, piga hodi kama wageni wengine."

Kila siku alipiga hodi. Mara ya kwanza alileta mkate alioupika mwenyewe, tukampa mbwa, mbwa akafikiri.

Mji nao haukumsamehe, si kwa sababu ya mkewe, bali kwa sababu ya ubingwa. Walisema aliingia uwanjani akaleta nuksi. Ndipo kijana mmoja alipokuja mtaani kwetu kwa miguu. Alikuwa Anders Kolb, mpiga mateke wa Nungunungu, yule aliyekosa teke la mwisho. Alimkuta Delmar ameketi kibarazani kwangu akisubiri kufunguliwa, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango, kwa sababu ni mlango wangu.

"Mzee Hruby," alisema kijana, "nimesikia watu wanasema tumefungwa kwa sababu yako."

"Nisamehe, kijana wangu. Ni kweli. Nisingeingia mle..."

"Mzee, niliteleza."

"Ehe, uliteleza kwa sababu..."

"Kwa sababu kulikuwa na theluji, na mguu wa kushoto niliukanyaga vibaya. Kocha amenionyesha kwenye picha. Nimelia siku mbili, sasa nataka kujifunza. Lakini nitajifunzaje, ikiwa kila ninayekutana naye ananiambia si mimi, ni wewe?"

Delmar akainamisha kichwa.

"Na zile tulizoshinda," Anders aliendelea, na sasa sauti yake ilipanda. "Tulikuwa tunaamka kabla ya jua tangu Agosti. Mwenzangu mmoja ametapika kila asubuhi mwezi mzima. Halafu naingia saluni kunyoa nakuta kibao, tumeshinda kwa sababu mama mmoja amepanda ngazi! Mzee, mmetunyang'anya ushindi wetu. Angalau kosa langu niachieni."

Delmar akayavuta magongo yake yaliyoegemea ukutani. Kisha akainuka, mtu mzima kwa kijana, akampa mkono.

"Ni kosa lako," akamwambia. "Ulipiga vibaya."

"Asante, mzee," Anders akasema, na nadhani ni mtu wa kwanza duniani kushukuru kwa neno hilo.

Lorena alikuwa amesimama nyuma yangu. Alipita, akafungua mlango, akamtazama mumewe kwa muda.

"Na kosa lako wewe ni lipi?" akauliza.

"Nilifunga dirisha," Delmar alisema. "Uliniita nikafunga dirisha. Na ulipokuwa umeshika antena, nilifikiri."

"Nilikuona."

"Najua uliniona. Ndiyo maana silali."

Hakumkumbatia. Watu wanapenda kusikia kwamba alimkumbatia, lakini hakumkumbatia. Alisema, "Ingia, kuna kahawa." Kufikia sikukuu ya Krismasi Lorena alikuwa amerudi nyumbani kwake, na kabati la jikoni lilikuwa na mlango. Msimu uliofuata nilienda nao uwanjani wote watatu, Delmar, Lorena na Bibi Opal. Nungunungu walifungwa mara nyingi tu, wakashinda kidogo. Delmar alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, akamtukana mwamuzi kwa adabu, na mpira ulipoisha alimwuliza mkewe kama miguu yake ina baridi.

FUNZO

Ndugu zangu, kupenda timu si dhambi. Mtu asiyepiga kelele kwa ajili ya chochote naye ana ugonjwa wake. Lakini ushabiki ukivuka kizingiti cha nyumba na kuketi kiti cha mke, cha mume au cha mtoto, hapo si mchezo tena, ni njaa, na chakula chake ni watu wa nyumba ile. Ushirikina nao ni mwizi wa pande mbili. Humwibia aliyetoa jasho sifa yake, na humwibia aliyekosea nafasi ya kujirekebisha.

Nanyi majirani, mkimwona mwenzenu anafanya upuuzi unaoumiza mtu, msimletee mto wa kukalia. Mwambieni aache. Na wewe baba, mama, mtoto wako akikuambia njoo unione, usimwambie utamsikia kutokea mbali. Vaa viatu uende.